Majani Niliyoyachoma

Juzi, nikitoka misa ya asubuhi, nilimkuta mtunza bustani wa parokia yetu, hapa mjini, Nyalukemba, akikata uzio wa alizeti-pori. Harufu chungu ya majani yale mabichi ilinifikia kabla sijafika getini. Nikasimama na rozari mkononi, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni. Sasa mimi ni bibi wa wajukuu tisa. Harufu hiyo, wapendwa wangu, ilinifundisha kumcha Mungu hata kabla ya katekisimu.

Nilizaliwa mlimani, upande wa kwenda Lwiro, mtoto wa kwanza wa nyumba. Kwa hiyo watu walimwita mama yangu Mama Furaha. Shamba letu la mahindi lilikuwa kwenye mteremko mkali, hivi kwamba boga likikuponyoka, ulilifuata hadi kwa jirani. Kila mvua iliondoka na udongo kidogo. Mawe yaliota vizuri kuliko mahindi.

Tulikuwa na ng'ombe wawili, na mbolea yao ilijulikana inakokwenda: migombani, nyuma ya nyumba. Ndivyo ilivyokuwa katika nchi yetu ya Bushi. Migomba ilikuwa heshima ya mwanaume, maana ndiyo iliyotoa kasiksi, pombe ya ndizi ya kupokelea wageni. Mahindi yalikuwa mambo ya wanawake, na yalijitafutia. Mama alipoomba vikapu vichache tu, Papa alicheka.

"Mama Furaha, tangu lini mahindi inakula mavi ya ngombe? Na migomba ya bitoke itakula nini?" Kisha akaacha kucheka. "Kama hata mwaka huu inakatala kuzaa, pale nitapanda kalitusi. Iishe."

Kalitusi ni mti wa mbao. Ukishaupanda mteremkoni hunywa maji yote, na chini yake huvuni tena hata gunzi la kumtafunisha mtoto. Tulikuwa watoto watano, na shamba la chakula lilikuwa hilo tu.

Mama akachukua panga. Alikata alizeti-pori kando ya njia, akachimba mifereji myembamba iliyokatiza mteremko, akayakatakata majani na kuyafukia humo. Alianza chini, akapanda juu polepole. Jirani yetu Mama Nabintu, ambaye ulimi wake haukupumzika hata Jumapili, alisimama njiani akapaza sauti:

"Mama Furaha! Uko unapikia udongo sombe? Chumvi ulishatia?"

"Nilishatia," Mama akajibu bila kuinua mgongo. "Inabakia mafuta tu. Leta yako."

Hata mimi nilicheka, maana sombe kwetu ni kisamvu. Lakini baada ya manyunyu ya kwanza nilifukua kwa kidole pale chini, nione majani yamefikia wapi. Udongo ulikuwa na joto kidogo, kama ubavu wa mnyama aliyelala. Majani karibu yote yalikuwa yametoweka. Palikuwa na kitu cheusi, laini, chenye harufu ya mvua, na minyoo minene ikipita humo bila haraka. Nilirudisha udongo upesi, kama mtoto aliyefungua mlango wa sakristia bila kubisha. Kuna aliyekuwa akifanya kazi humo gizani, na nilijua hakuwa Mama.

Basi Mama akafika katikati ya shamba. Majani ya nusu ya juu aliyarundika tayari, akashuka mjini, Cimpunda, kumwuguza dada yake aliyejifungua. Alikaa huko wiki nzima, na jua likarudi. Kwetu, shamba lenye takataka wakati wa kupanda lilikuwa aibu, na binti aliyelelewa vizuri alijulikana kwa moto wake: alikusanya magugu, akachoma, akaacha pamekuwa safi kama meza. Nilidhani kazi imekwisha na yale marundo makavu ni mabaki. Nilitaka Mama arudi anisifu. Nikachoma yote.

Aliporudi, alisimama muda mrefu mbele ya majivu. Nilingoja fimbo. Alisema tu, "Furaha, leta mbegu." Tukapanda shamba zima, juu na chini. Mvua kubwa ya kwanza ikayashusha majivu yangu kwa jirani.

Mahindi yalipofika magotini, mlima ulikuwa umegawanyika. Chini kulikuwa na kijani kilichokolea hadi kukaribia weusi, majani mapana yakigongana kwa upepo. Juu, mabua ya manjano, membamba kama vidole vya mgonjwa. Mpaka kati yao ulinyooka kama uliopigwa kwa rula. Papa alipanda na jembe, akitafuta pa kuchimba mashimo ya kalitusi. Alipofika kwenye mpaka ule akavua kofia, akabaki mguu mmoja huku, mguu mmoja kule.

"Nani aligawanya hii shamba?"

Mama hakunitazama. "Huku ilikula," akasema. "Kule haikukula."

Kesho yake asubuhi tulimwona Papa akitoka zizini na kikapu cha mbolea kichwani. Mwanaume! Mama Nabintu alitoka mlangoni, akawaita watoto wake waje kuona. Papa alipanda hadi juu, akamwaga kikapu, akarudi kuchukua kingine. Kalitusi haikutajwa tena.

Lakini mbolea ilikuwa imechelewa, na nusu ya juu haikutupa kitu mwaka ule. Kwa miezi miwili tulikula mara moja kwa siku, nami niliamini njaa ile ni adhabu yangu. Nilikuwa mtu mzima, nikilima shamba langu mwenyewe, nilipokumbuka kwamba siku Mama aliporudi, njia yote ya kwetu bado ilikuwa imejaa alizeti-pori. Siku tatu zingetosha kukata mengine. Nikaenda kumwuliza kwa nini hakuyakata.

"Papa yako hakukuwa mutu wa kusikia," akasema, akiendelea kuchambua maharage. "Alikuwa mutu wa kuona. Ulinisaidia, na haukujua."

Alikuwa ameitoa nusu ile kama sadaka, akijua bei yake, na akafunga pamoja nasi bila kunitaja kwa mtu yeyote. Dhambi ya moto ule niliiungama mara tatu nikiwa mtoto. Kumbe ilikuwa imesamehewa tangu kwenye majivu, kabla sijapiga magoti.