Mnyama wa Tatu

Juma lililopita binti wa kaka yangu alikuwa amejinyoosha kwenye kiti changu, hapa kwangu Beni, simu mkononi, nami nikisahihisha madaftari ya hesabu ya wanafunzi wangu. Mara nikasikia kengele. Haikuwa ya shule wala ya kanisa, hizo nazijua. Hii ilikuwa nzito, ya taratibu, na mwishoni ilitetemeka kama kifuniko cha sufuria ya maharagwe. Nilikuwa sijaisikia tangu nilipokuwa na miaka kumi, na bado kidole gumba changu kilijua kwamba baada ya kengele hiyo lazima ukimbilie kushoto.

"Papa mudogo, ni nini? Unajua ii jeu?" akaniuliza.

Kama ninaujua mchezo huo! Kwenye simu yake alikuwapo bwana mmoja wa mbali, visikizio vikubwa masikioni, akieleza kwa muda wa saa nzima kwamba wanyama wa kale wa mchezo ule walikuwa binadamu zamani, na kwamba uchawi wao ulitoka kwenye damu ya mfalme fulani. Chini yake watu wasiohesabika walikuwa wakimpinga, wengine kwa matusi. Nitakuambia ukweli, msomaji wangu, niliona wivu. Mabishano hayo sisi tuliyafanya kabla yao, kule Butembo, bila intaneti, na mara nyingi bila chakula cha mchana.

Butembo ya wakati huo ilikuwa na asubuhi za ukungu na baridi ya kukufanya uvae sweta mbili, kisha mchana vumbi jekundu likakupaka mpaka kwenye nyusi. Jirani yetu alikuwa fundi wa redio. Alikuwa na chumba kimoja cha matofali ya udongo kilichopakana na ua wetu, na humo aliweka televisheni, mashine ya michezo, na mabenchi mawili ya mbao za mikaratusi yaliyotuchoma matako kwa vibanzi. Sisi tulikiita salle. Nyuma ya nyumba groupe, jenereta yake, ilinguruma, harufu ya esansi, petroli yenyewe, ikaingia dirishani na kukutana na harufu ya mandazi aliyokaanga mke wake, na mpaka leo nikinusa esansi mate yananijaa mdomoni. Ukicheza mtu wako wa kwenye kioo akafa, unampa mwenzako manette, kile kidude cha kuchezea. Mkigombana, jirani hakusema neno: alitoka nje akazima groupe, akarudi kusimama mlangoni huku tumekaa gizani. "Mwenye hasira hana taa," alikuwa akituambia, na sisi tukaombana msamaha haraka haraka.

Mimi sikuruhusiwa kukanyaga huko kabla sijapanda kilima mara mbili na bidon la maji. Nilipanda mbio. Mama alishangaa nimekuwa mtoto wa bidii namna gani.

Mchezo wenyewe ulifika kutoka Dubai, ndani ya furushi la nguo la mfanyabiashara mmoja wa mtaani kwetu, na hakuna aliyejua aliuokota wapi. Maandishi yake yote yalikuwa ya Kijapani, au tuseme tulidhani ni ya Kijapani. Kwetu yalionekana kama nyayo za kuku kwenye matope. Hatukuelewa hata neno moja. Tulichokiona ni mwanamke msafiri mwenye kengele, akitembea katika nchi ya milima na ukungu, nchi ambayo sisi tuliona ni Lubero ya kwetu kabisa, imekosa viazi tu. Mwanzoni ulionyeshwa ukuta wenye vivuli saba vya wanyama. Kisha ukaachiwa uende unakotaka. Huku na huko ulikutana na mnyama mmoja wa wale saba, amelala, mkubwa kama parokia, majani yameota mgongoni. Ukipiga kengele anafungua jicho. Miti inainama, mawe yanapaa hewani, na wewe unakimbilia kushoto.

Kwa kuwa hatukuweza kusoma, ilibidi tufikiri. Mtoto wa yule mfanyabiashara alisema wanyama wale ni walinzi, wanalalia mali, na chini ya kila mmoja kuna depo iliyojaa bidhaa. Baba yake alikuwa na depo mbili, kwa hiyo tulimwelewa. Binti wa mchungaji, ambaye alikuja kwa siri na aliondoka kila mara dakika kumi kabla ya mazoezi ya kwaya, alisema ni wanyama wa kitabu cha Ufunuo, na kwamba kengele ni maombi. Wakatoliki tulimpinga kwa kanuni tu. Tuliendelea na mabishano hayo kwenye foleni ya maji, njiani kwenda shule, hata kwenye misa, kwa kunong'ona.

Kisha binti huyohuyo wa mchungaji akaona mistari. Kila mnyama, jicho linapofunguka, mistari ya mwanga inawaka kwenye paji la uso wake. Mmoja ana mstari mmoja. Mwingine ana miwili. Yule wa msituni ana minne.

Hapa nikueleze jambo, kama wewe si wa kwetu. Mnande, mtu wa kabila letu, hawapi watoto wake majina ovyo. Mvulana wa kwanza wa mama ni Paluku, au Mumbere, kufuatana na nyumba. Wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, na kuendelea. Wasichana nao wana yao. Hata mtoto akifa, nafasi yake hapewi mwingine. Anayefuata anachukua jina la namba yake. Basi watoto wa Butembo wakiona wanyama saba wenye mistari ya kuhesabu watafanya nini? Tulisimama wote kwenye benchi. Wale walikuwa ndugu! Mama mmoja, tumbo moja!

"Uyu ni Paluku," binti wa mchungaji akasema, kidole kwenye kioo. "Ule wa mistari mbili ni Kambale. Wa ku pori ni Kakule."

"Na Kasereka iko wapi?" akauliza mtoto wa mfanyabiashara.

Tulikuwa tumekwisha kuwapata sita. Wa tatu hatukuwahi kumwona.

"Alikimbilia Uganda," mmoja akasema.

"Munyama ya vile itapita kwenye barrière ya mupaka namna gani?"

"Donc alikufa."

Nao wakageuka kunitazama mimi. Kwa sababu mimi ndimi Kakule, msomaji wangu, na kila mtu mtaani alijua kwamba nyumbani kwetu kulikuwa na Paluku, kulikuwa na Kambale, halafu mimi.

Nilikuwa nalijua, bila shaka. Jina langu lenyewe lililitangaza kila mwalimu alipoita majina ya daftari la mahudhurio. Lakini nililijua kama unavyojua kwamba nyumba yako ina msingi: hushindi ukiuwaza. Kaka zangu waliniambia siku moja, "Alikufaka," wakaendelea kucheza mpira. Baba hakumtaja kamwe. Mama hakumtaja kamwe. Hapakuwa na picha, kwa kuwa nani alikuwa na pesa za picha? Siku ile, kwa mara ya kwanza, nikamtaka. Nilitaka kujua alikuwa nani, kana kwamba alikuwa amechelewa tu kurudi kutoka shuleni.

Nilianza kumtafuta mule ndani ya mchezo. Wenzangu walichoka, wakarudi kwenye mpira wa kwenye televisheni, ila mimi nilimtembeza yule mwanamke kila bonde. Palibaki sehemu moja tu, ziwa. Ukiingia majini hatua kumi, picha inaganda. Jirani alitoa diski, akaipaka dawa ya meno, akaisugua kwa kitambaa laini kwa mzunguko, akaifuta, akairudisha. Ikaganda tena hatua ya kumi na mbili. Tulishangilia zile hatua mbili kama goli. Akajaribu kwa ganda la ndizi. Wapi.

Alasiri moja mama alirudi kutoka soko la Musienene na mfuko wa maharagwe, akayamwaga kwenye ungo, nami nikakaa naye kuyachagua. Unajua kazi hiyo: mkono unatafuta vijiwe wenyewe na mdomo unabaki huru. Nikaanza kumsimulia wanyama wangu. Kosa langu ni kwamba sikumwambia kwamba ni mchezo. Kwangu mimi wale walikuwa watu wanaojulikana, kama majirani. Nikamwambia Paluku ana hasira sana, Kambale analala mno, na watu wa salle wanasema Kasereka alipotea, hakuna anayejua aliko, labda alikimbilia Uganda.

Mkono wa mama ukasimama ndani ya maharagwe.

"Ni nani alisema alipotea?"

Nilinyanyua macho, nikaogopa. Sikuwahi kuuona uso ule.

"Ni banani? Basema mbele yangu. Mutoto wangu hakupotea. Alikuwa ku mugongo yangu. Ningemupoteza namna gani?"

Ningeweza kumweleza palepale kwamba nilikuwa nazungumzia mchezo. Nilikuwa na neno hilo mdomoni. Lakini udadisi ni mnyama mwenye nguvu, na mimi nilinyamaza, ninaona aibu kukuambia, ili aendelee.

Akaendelea. Wakati huo walikuwa wakiishi upande wa Mabalako, kwenye shamba la kahawa la baba mkubwa, na Kasereka alikuwa na miaka miwili. Homa ilimkamata asubuhi. Mama alimfunga mgongoni kwa kitenge akaenda naye kwa miguu kutafuta dawa, na njia ilikuwa ndefu, mvua ilikuwa imeikata. Alisikia joto lake mgongoni muda wote. Kisha akasikia linapungua, akafurahi, akafikiri homa inashuka.

Akachukua kijiwe, akakitupa nje ya ungo.

"Alikuwa analala akishika sikio yangu," akasema. "Kila siku. Asiposhika sikio, hapana usingizi. Wee ulizaliwa, mimi nikangoya. Juma ya kwanza, juma ya pili. Nikakuwekea sikio pale karibu. Wee ulishika nywele." Akacheka kidogo, machozi yakimshuka. "Nikasema, bon. Uyu ni mwingine. Ni Kakule."

Nililia nami. Sijui nilimlilia yeye au nilijililia mwenyewe kwa kuwa sikushika sikio. Kisha nikamwambia habari ya mchezo, wanyama, diski na yote. Nilitegemea kofi. Mama akanitazama kama anavyomtazama mtu anayepika bila kuwasha moto. Akauliza kama huyo mwanamke mwenye kengele ndiye mama yao. Nikamwambia hatujui. Akasema, "Ni yeye. Kama hapana yeye, angebatafuta juu ya nini?" Hiyo ndiyo nadharia bora niliyowahi kuisikia, na yule bwana wa visikizio vikubwa hana habari nayo.

Kesho yake nikaipeleka salle. Mtoto wa mfanyabiashara akasema mama zetu waache jeu zetu. Binti wa mchungaji akafikiri, akakubali, akaongeza kwamba basi Kasereka yuko ziwani na mama yake anamjua aliko, ni sisi tu tusiojua. Muda si mrefu diski ikakataa hata kuanza. Jirani aliifunga kwa uzi kwenye kijiti katikati ya mahindi yake, ikawa inametameta na kufukuza ndege, na kwa kazi hiyo haikuganda hata siku moja.

Salle imekuwa duka la dawa. Jirani amezeeka, anaishi kwa binti yake. Mtoto wa mfanyabiashara yuko Kampala na ana depo zake tatu. Binti wa mchungaji aliolewa upande wa Eringeti, kisha vita vikawatoa huko, na sijui walifika wapi. Shamba la kahawa la upande wa Mabalako nalo limekuwa kakao, na barabara zake, kwa vita hivyohivyo, si za kwenda kwa matembezi. Sijawahi kuliona kaburi la Kasereka.

Binti wa kaka yangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanihurumia, kama vijana wanavyotuhurumia.

"Mais papa mudogo, mistari si majina. Ni mara ngapi unapiga kengele kusudi alale tena."

Mara ngapi unapiga kengele! Mwalimu mzima wa hesabu. Nilicheka mpaka daftari la mtu likaanguka. Akaniambia kwamba wa tatu yupo, ndani ya ziwa, pale pale diski yetu ilipokuwa inaganda, na kama nataka atanionyesha. Nilitaka. Tukatazama pamoja, vichwa vikigusana juu ya simu. Maji yakapasuka, akatoka, mkubwa, majani mgongoni, mistari mitatu usoni. Alikuwa mnyama kama wale wengine. Nilimtazama vizuri, nikamshukuru binti, nikarudi kwenye madaftari yangu, na sikuweza kusahihisha hata moja.

Mama alituacha miaka minne iliyopita. Nilikuwa na zaidi ya miaka ishirini ya kukaa naye na ungo wa maharagwe katikati yetu, na juu ya mnyama wa kwenye televisheni nilikuwa nimeuliza kila kitu: anakula nini, anaogopa nini, analala kwa nini. Juu ya Kasereka sikurudi kuuliza tena. Nilidhani nitamuumiza, nilidhani kuna wakati. Mtoto wa miaka miwili tayari anasema maneno. Ana neno lake la maji, ana neno lake la mama yake. Yeye alikuwa na maneno, na alikuwapo mtu mmoja tu aliyeyakumbuka, na mimi sikumwomba hata moja.