Bobini ya Dirishani

Mashine za kufyonza vumbi hufika Kashikishi, mji wetu wa wavuvi, zikiwa zimekwisha kufa. Zinakuja na shehena za friji na feni zilizotumika, na mfanyabiashara akishagundua kwamba hakuna mtu kando ya ziwa atakayenunua mashine ya kupigana na mchanga, ananiletea mimi nizichinje. Nina kibanda cha kutengeneza vyombo vya umeme karibu na soko la samaki. Mota nachukua, swichi nachukua, lakini kilichonipendeza kupita vyote ni bobini. Ni gurudumu la plastiki lililofichwa tumboni mwa mashine, limezungushiwa waya mrefu, na katikati yake kuna springi bapa ya chuma. Unavuta waya kadiri unavyotaka. Ukimaliza unabonyeza kitufe, breki inaachia, na waya unarudi wenyewe ndani mbio mbio huku plagi ikiruka nyuma yake. Nimeona watu wazima, wenye mitumbwi yao na wake zao, wamesimama kibandani kwangu wanavuta na kubonyeza, wanavuta na kubonyeza, wanacheka.

Basi nikajijengea ya kwangu nyumbani. Nyumba yetu ina soketi moja tu, chini ya dirisha la nyuma, na jiko letu liko nje, banda la bati upande wa pili wa dirisha hilohilo. Mke wangu alikuwa akitaka kuchemsha maji kule nje kwa birika la umeme, na kila siku nilimkuta amepitisha waya wa viraka viraka kwenye matope. Niliifunga bobini ndani ya kisanduku cha mbao, nikakipigilia ukutani chini ya dirisha, karibu na sakafu, na kwenye ncha ya waya, mahali pa plagi, nikaweka soketi. Waya uliopita dirishani ulijiburura kwenye mchanga na springi ikachoka, kwa hiyo nikaongeza springi ya pili. Hapo ikawa na nguvu ya ajabu. Nilimwambia mke wangu kila akitumia birika avute waya wote hadi mwisho, maana waya uliobaki umejikunja hupata moto ukaungua. Alikubali. Utaratibu wetu ulikuwa rahisi: aliye nje anachomoa birika, anaita "Vuta!", aliye ndani anakanyaga kitufe. Nilijiona fundi kweli kweli, kichwa kikanivimba.

Mke wangu ni mtu wa Mununga, kandokando ya ziwa hilihili. Mimi wazazi wangu walivuka kutoka Kongo wakati wa vita, mama amenibeba mgongoni, nikalelewa katika kambi ya wakimbizi kabla sijaja kutafuta maisha hapa ziwani. Kwetu pia mkwe anaheshimiwa, lakini kwa watu wa hapa heshima hiyo imekazwa hasa. Mwanamume aliyeoa hamtazami mama mkwe wake. Hamsemeshi. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini mwenzake apite. Wakiwa na neno, linapita kwa mtu wa tatu. Hali hiyo inaendelea mpaka siku upande wa mke watakapoamua kumwingiza mkwe: wanapika, wanamketisha, wanamwonyesha moto na vyungu vya nyumba yao, na tangu siku hiyo anakuwa mtoto wao, anakula kwao na kusema nao.

Mimi nilikuwa sijaingizwa. Mama mkwe wangu, mchuuzi wa samaki wakavu ambaye sokoni anakijua Kiswahili cha biashara kuliko mimi, alikuwa akisema mtu wa kambini leo yupo, kesho amerudi kwao na binti ameachwa na watoto. Siwezi kumlaumu. Lakini baba mkwe alipofariki nilisimama barabarani na wapita njia, wakwe wengine wakibeba jeneza. Watu waliniuliza kama namfahamu marehemu. Ile fedheha sijaisahau. Nilitaka kuingizwa kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, mama mkwe alikuja kumsaidia binti yake, na mimi nikahamia kulala kibandani. Mke wangu alinieleza kwamba mama ameiona bobini, amemwomba aikanyage mara mbili tatu, amecheka. Nikafurahi kupita kiasi. Kisha siku moja akaja na habari kubwa zaidi: mama anataka tuzungumze. Kama majibu yangu yatamridhisha, atataja siku ya kuniingiza.

Mazungumzo yenyewe yalipangwa hivi. Mama mkwe aliketi nje bandani kwenye kigoda, karibu na birika lililokuwa juu ya kreti likichemsha maji ya kumwogesha mtoto. Mimi niliketi ndani chini ya dirisha, mgongo kwa dirisha. Mke wangu alisimama mlangoni na mtoto mgongoni, kubeba maneno. Kati yangu na yule mama palikuwa na ukuta wa tofali moja na dirisha lililo wazi. Nilimsikia hata alipopumua.

Alisema kitu kwa Kibemba, nikakielewa chote, nikasubiri.

"Mama anasema, weye utabakia huku kweli?" mke wangu akaniuliza kwa Kiswahili chetu cha huku, ambacho watu ni batu na vitu ni bintu.

"Ambia mama, mi naenda wapi? Mutoto wangu iko huku."

Nje mama mkwe aliguna kabla mke wangu hajafungua mdomo.

"Anasema, na hii kazi ya kukata-kata bintu ya kufa, inalisha batu?"

"Ambia ye inalisha. Na bile bintu, ingine inafufuka."

Nikasikia anacheka. Alicheka waziwazi, huyo mama aliyenikwepa miaka yote. Nilitazama ukuta wa mbele yangu nikitabasamu peke yangu kama zuzu. Mke wangu naye akanikonyeza, akasema maji ya baridi ya kuchanganyia hayapo, anakwenda bombani mara moja, tusubiri. Akaondoka na ndoo na mtoto. Tukabaki wawili, na mazungumzo yakasimama, maana hapakuwa na wa kuyabeba.

Ndipo mvua ikaanza. Matone makubwa yaligonga bati, upepo ukatoka ziwani, na mimi nikaukumbuka waya wangu umelala uwanjani, umevutwa wote hadi mwisho kama nilivyoagiza. Birika lilikuwa limeshalia tak, limejizima. Nikazima swichi ya ukutani. Hatari ya umeme ikawa imekwisha, ningeweza kuishia hapo. Lakini sikutaka soketi yangu ilowe. Niseme ukweli ulivyo: nilitaka pia yule mama aione bobini ikifanya kazi nikiikanyaga mimi mwenyewe, waya ukimpita mbele yake na kupotea dirishani, ajue binti yake ameolewa na nani.

Nilisikia chombo kikisogezwa. Nikadhani ameshachomoa birika na kuliinua. Kwa kawaida aliye nje ndiye anayeita, lakini huyu hakuweza kuniita, mimi mkwe wake. Na mimi nilitakiwa kuuliza neno moja tu, umechomoa? Neno hilo lilikuja likafika kwenye meno. Nikafikiri, nikimsemesha leo, siku ileile anayonipima, ataona sina adabu, ataona kweli mimi ni mtu wa kambini. Nikageuza tu shingo kidogo, kisha nikakumbuka kwamba kutazama ni vibaya kuliko kusema. Nikalimeza neno. Mgongo wangu ukiwa kwa dirisha, kama inavyompasa mkwe mwenye heshima, nikakanyaga kitufe.

Waya wote ulikuwa nje, springi zote mbili zimekazwa hadi mwisho. Bobini ilipiga kelele, kisha pakasikika kishindo, kisha yowe.

Birika lilikuwa bado limechomekwa. Waya ulikinyakua kitako cha birika, birika likapinduka kutoka kwenye kreti, na maji yote yakamwagikia kwenye mguu wa mama mkwe wangu. Sikumbuki kuruka dirisha, lakini mlango haukuniona. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipomtazama usoni. Alikuwa ameng'ata khanga yake, machozi yanamtoka. Maji ya baridi hayakuwepo, ndiyo hayo mke wangu aliyoyafuata. Nikamkokota na kigoda chake mpaka ukingoni mwa paa, nikauchukua mguu wake kwa mikono yangu miwili, nikaushika chini ya maji ya mvua yaliyokuwa yanatiririka kutoka kwenye bati.

Hapo akanisemesha. Hakutumia Kibemba. Alitumia Kiswahili chake cha sokoni, kile anachowakemea nacho wanunuzi.

"Kinwa uko nayo! Juu ya nini haukusema?"

Nilibaki nimeshika mguu. Mke wangu alirudi na ndoo kichwani akamkuta mume wake amepiga magoti kwenye matope, amekumbatia mguu wa mama yake, na hakujua aanze kupiga kelele kwa ajili ya lipi. Sikujua niuweke wapi uso wangu.

Kliniki walimfunga bandeji, wakasema amepata bahati kwamba maji ya mvua yaliwahi. Mimi hiyo bahati sikuiona. Kwa siku nyingi alikaa kwetu hawezi kukanyaga, na samaki wake Mununga wakauzwa na watu wengine. Kila nilipopita sokoni wanawake wa samaki walikuwa wananiita Mkwe wa Maji Moto. "Mukwai, leo unapikia nani?" waliniuliza, wakiniita mheshimiwa kwa Kibemba huku wakivunjika mbavu. Nilicheka nao kwa sababu sikuwa na la kufanya, kisha nikaingia kibandani nikafunga mlango mchana kweupe. Bobini niliing'oa ukutani. Wateja waliokuja kutaka kama hiyo niliwaambia zimekwisha, ingawa zilikuwa zimejaa chini ya meza.

Nilituma kuku na kitenge kuomba radhi, nikajua habari ya kuingizwa imezikwa. Wajomba wa mke wangu walikuja kutoka Mununga kuzungumza na dada yao, na mimi nikaketi kibandani nasubiri kuambiwa nimrudishe binti wa watu. Mke wangu alikuja jioni. Alikuwa anajizuia asicheke.

"Wajomba balisema bakupime tena mwaka mzima," aliniambia. "Mama akakatala. Anasema, tumuingize mbio, kabla hajaniua na heshima."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha, na mke wangu ameshaondoka, nikalia. Huruma ya yule mama iliniuma kuliko vile ambavyo matusi yangeniuma.

Waliniingiza. Kule Mununga, nyumbani kwake, waliniketisha kwenye mkeka, wanawake wakaimba, wakafunua vyungu kimoja kimoja, kuku, samaki, maboga, wakaniambia kila kimoja maana yake. Wakanionyesha moto, wakasema huu sasa ni moto wako, ukiwa na njaa usisubiri mtu. Kisha mama mkwe akaja akaketi mbele yangu, mkubwa wao akaniambia niinue uso, mwiko umekwisha, nimtazame mama yangu. Niliinua. Macho yangu yalipanda mpaka kwenye mguu wake, mahali ngozi ilipobabuka ikawa nyeupe nyeupe, yakagoma hapo. Wanawake walidhani ni adabu. Wakapiga vigelegele, wakasema huyu kijana kweli amelelewa.

Sasa ninaruhusiwa kila kitu. Ninaweza kula naye sahani moja, kumtania, kumpigia simu kumuuliza bei ya samaki. Wakwe wenzangu wanafanya hivyo. Mimi, akija kumwona mjukuu wake, napata kazi ya haraka kibandani. Akiniuliza kitu namjibu kwa kumwelekezea mke wangu: mwambie mama, muulize mama. Mke wangu ameshakasirika mara nyingi. Anasema mila imekwisha, mbona unamfanya mama yangu kama mgeni? Namwambia nitazoea. Najua si kuzoea. Zamani nilinyamaza kwa sababu ya desturi, nikajiona mtu mwema. Sasa nanyamaza kwa sababu ya aibu, na aibu hii hakuna wanawake watakaokuja na vyungu kunitoa.

Juzi alikuja tena. Mke wangu alikuwa amempeleka mtoto kliniki, na mama mkwe akaketi nje bandani, akaomba maji ya kunywa. Nilimpelekea kikombe, nikapiga goti, nikakiweka chini karibu naye, nikaingia ndani haraka kabla hajashukuru. Nikasimama karibu na dirisha, mgongo ukutani. Nilimsikia anakunywa, taratibu, mpaka akamaliza. Akaweka kikombe chini.

"Tata," akaniita, yaani baba, kupitia dirishani, kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayejua anasikika. "Mugulu yangu ilisha kupona. Weye utapona siku gani?"

Nilikuwa na la kumjibu. Nilikuwa nalo tangu siku ile ya mvua, neno moja tu, nisamehe. Nikabaki nimesimama nyuma ya ukuta, nikisikiliza kama mke wangu anarudi, aje amwambie.