Namba Ambayo Wigati Aliiruka

Wigati alikuwa karani wa shule ya msingi mjini Solo, na aliyemwona akigonga mihuri kwenye barua za ruhusa asingemdhania fundi. Fundi gani huyo, mwenye bisibisi moja na simu iliyopasuka kioo? Lakini Wigati akilitaka jambo, amelitaka, na mwaka ule alichokitaka ni sauti ya mama yake.

Mama yake, Bi Ratmi, aliimba nyimbo za keroncong, muziki wa kwao wa taratibu wa vyombo vya nyuzi, kwa miaka thelathini. Kisha koo likaugua, akapasuliwa, akapona, ila sauti haikurudi. Ikabaki ya kukwaruza kama mlango wa stoo. Kabla ya ugonjwa, kikundi chake kilikuwa kimerekodi nyimbo sita kwenye kompyuta ya Mac ya rafiki yao. Rafiki akahama na Mac yake, akawaachia kazi yote kwenye diski, na programu ya kuifungua haikubali kompyuta nyingine yoyote. Kwa hiyo uimbaji wa Bi Ratmi ukalala kabatini chini ya mashuka miaka minne. Kikundi kiliendelea na mazoezi barazani kwake kila Jumapili, yeye akiwa jikoni, akisema ana kazi. Kiti chake kikawa cha kuwekea sahani ya tempe, vile vipande vya soya vya kukaanga.

Mac ya dukani ilikuwa mshahara wa nusu mwaka. Wigati akaenda soko la vitu vilivyotumika, akachagua kompyuta ya ofisini, nyeusi, nzito, bado ina stika ubavuni: Mali ya Idara ya Madai. Bei yake ilikuwa kama ya baiskeli kuukuu.

"Unaenda kuifanyia nini, dada?" muuzaji akauliza.

"Naenda kuidanganya kwamba ni Mac."

"Ukiweza, rudi umdanganye na mke wangu kwamba mimi tajiri!"

Basi ikawa vumbi, na kuongeza kumbukumbu, na kubadilisha diski, na kuwasumbua watu asiowajua mtandaoni kwa maswali. Wiki tatu nzima kioo kilimtapikia maandishi meupe kisha kikazima. Jumapili moja asubuhi, baada ya kusahihisha mstari mmoja tu kwenye faili la kuwashia, tufaha lililong'atwa, ile nembo ya Mac, likatokea katikati ya kioo. Wigati alipiga kelele mpaka Bi Ratmi akaja mbio na mwiko mkononi akidhani ni nyoka.

Mashine iliwaka, picha safi, programu ikafunguka, nyimbo zote sita zikaonekana. Sauti sasa, hakuna! Dawa yake ilikuwa namba: unaandika moja kwenye lile faili, unazima, unawasha, unasikiliza. Orodha aliyopewa mtandaoni ilikuwa na namba saba. Wigati akazijaribu, akawa anakata moja moja kwa kalamu. Kimya. Alasiri wanamuziki wakafika, na Bagyo, mpiga gitaa dogo la ukulele, ambaye mdomo wake haujui likizo, akachungulia dirishani.

"Umetutengenezea bubu! Ilipokuwa ofisini angalau ilijua kulia ti-ti."

"Nenda kakaze nyuzi zako, Kaka Bagyo."

"Zangu zinalia. Wewe je?"

Wigati akaweka bisibisi chini, machozi yanamlenga. Bi Ratmi akaichukua ile karatasi, akaisogeza mbali na macho ili aone vizuri.

"Zimekwisha?"

"Zimekwisha, Mama."

"Na hii kumi na tano mbona hujaikata?"

Wigati akainamisha kichwa. "Hiyo niliiruka."

"Kwa nini?"

"Nilihesabu." Akakunja vidole kimoja kimoja, kama alivyofundishwa utotoni: neema, cheo, mali, maradhi, mauti; kisha unaanza tena. "Kumi na tano inaangukia kwenye mauti. Sauti yako, Mama, niiweke juu ya mauti? Siwezi."

Bi Ratmi akacheka kile kicheko chake cha kukwaruza, mpaka akashika meza.

"Hesabu hiyo ni ya ngazi za nyumba, mjinga wewe! Umeona wapi kompyuta inapandwa kwa miguu?" Kisha akapoa. "Na hizo ngazi zetu ni sita. Baba yako alizihesabu mwenyewe, ziangukie kwenye neema. Koo langu si liliugua humu humu? Andika, mwanangu."

Wigati akaandika. Akazima. Akawasha. Akabonyeza.

Kwanza ukulele, halafu selo, halafu sauti ya Bi Ratmi ikapanda, pana na tamu, ikajaza chumba na baraza. Wigati alilia waziwazi, hakujificha. Hata Bagyo alinyamaza, na hilo nalo liandikwe.

"Simamisha," akasema Bi Ratmi.

Wote wakaogopa kwamba wamemuumiza.

"Bagyo! Hapo ubeti wa pili umechelewa kuingia. Miaka minne najua, ila sikuwa na ushahidi."

"Lo, Bi Ratmi! Ilikuwa ni kikohozi!"

"Ukulele ndiyo iliyokohoa? Wigati, toa spika nje, na vyombo vya humo uvizime, ibaki sauti yangu tu. Tunarudia kutoka mwanzo, na safari hii mnapiga ninyi, naimba mimi."

Akatoka barazani, akaondoa sahani ya tempe kwenye kiti chake, akampa Bagyo aishike, akakaa.