Dobi Aliyelala Kimya

Kwa miaka kumi na tisa dobi alipiga pasi mashati ya watu akiwa wima. Mwaka huu alianza kuegemea meza, kiganja kikiwa chini ya mbavu za kulia, pale palipomkata kila alipomaliza kula. Daktari alimwambia: picha ikionyesha kifuko cha nyongo hakijikamui, kitatolewa.

Picha ikaonyesha hivyo. Kifuko kilikaa tu na nyongo yake, kama mgeni asiyejua kuaga. Tarehe ya upasuaji ikaandikwa, na dobi akaanza kumfundisha mdogo wake wa kike kunyoosha kola.

Siku mbili kabla ya kisu, wote wawili walikwenda kuchukua karatasi za majibu kwa mpiga picha wa hospitali, binti mwenye miwani.

"Mama, siku ile ya picha ulinifurahisha," binti alimwambia dobi. "Saa nzima hukutikisika! Wengine hulalamika mpaka dari inawajua."

"Angetikisikaje?" mdogo mtu akadakia. "Alimeza vidonge viwili vikali vya maumivu, vya tangu alipovunjika mkono. Huyu kulia mbele za watu? Thubutu!"

Dobi akamfinya. Alichelewa.

"Mama, si nilikuuliza kama umetumia dawa?"

"Uliniuliza, mwanangu. Nikaogopa utanirudisha nyumbani. Na wewe ndiye uliyesema nisitikisike."

Binti akavua miwani. "Vidonge vile hubana njia ya nyongo kwa muda. Kifuko hata kikiwa kizima, kitashindwa kujikamua. Tulipiga picha ya vidonge, mama."

Daktari akaahirisha upasuaji. Siku ya nne, bila kidonge hata kimoja, dobi akalala tena chini ya mashine. Sindano ya kukamua kifuko ilipoingia mshipani, maumivu yakaja yote.

"Lia, dada," mdogo wake akanong'ona, amemshika kisigino. "Wateja sitawaambia."

Akalia bila kutikisika, machozi yakimwingia masikioni. Kwenye skrini doa jeupe la nyongo likafifia, likafifia.

"Zaidi ya nusu imetoka," binti akasema. "Kinafanya kazi."

Kisu kikafutwa, chanzo cha maumivu kingetafutwa kwingine. Jumatatu dobi alikuwa mezani kwake. Ubavu ulipomkata, aliweka pasi kando, akasema "Yalaa!" kwa sauti, na mteja aliyekuwa akisubiri shati akamsogezea kiti.