Sauti ya Mama Kwenye Laptop

Darasa la nne liliniona nikitoka, halikuniona nikirudi. Lakini hapa Nangwa nyumba ya kwanza kuezekwa vigae ni yangu, trekta ni langu, na laptop niliinunua taslimu. Si ya kuandikia barua. Ni ya picha za ng'ombe wangu na sauti ya mama.

Mama nilimrekodi kwa simu siku za mwisho, sote tumemzunguka, akitubariki mmoja mmoja kwa lugha yetu. Simu hiyo baadaye ilinidondoka kwenye makorongo ya Yaeda Chini nikitafuta madume ya ng'ombe, ikapotelea huko, ila sauti nilikuwa nimeshaihamishia kwenye laptop. Nikawatangazia ndugu zangu: siku ya kumkumbuka mama mtamsikia mwenyewe, kwa spika kubwa. Nani mwingine kwenye ukoo angeweza?

Siku chache kabla, laptop iliomba kusasisha programu. Nikakubali. Ikajizima, ikawaka, ikaonyesha vidoa vinavyozunguka, ikajizima tena. Ikawa ndiyo kazi yake.

Sasa mimi nakijua kitu kinachokataa kusimama. Mwaka wa ukame, kule Hirbadaw, ng'ombe walilala kwa njaa na wenyewe wakawakatia tamaa. Wangu niliwanyanyua kila asubuhi, kijana mmoja kashika mkia, wengine wamepitisha gunia chini ya tumbo. Ng'ombe dhaifu ukimwacha alale, ndiyo basi. Waliopona walikuwa wangu. Kwa hiyo na laptop sikuiacha ilale. Ikijizima, nawasha. Ikikwama, nabonyeza kitufe mpaka kidole kinauma, nawasha tena. Mchana kutwa, na kesho yake. Ikaanza kutoa mlio kama msumari unaokwaruza bati.

Nikaipeleka Katesh mjini. Fundi wa huko ni binti, mdogo kuliko mwanangu wa kwanza.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Iamshe hii. Mimi imenishinda kidogo tu."

Aliiwasha, akatega sikio, akaizima haraka.

"Umekuwa ukiiwasha hivi?"

"Sikuipa nafasi ya kulala."

"Ungeiacha ilale, baba. Diski ilikuwa inaumwa, hilo sasisho limeizidishia mzigo tu. Kila ukiiwasha inajikwangua, na vitu vyako viko humo humo."

Nikamwambia nimenyanyua ng'ombe wengi kabla hajazaliwa.

"Naamini, baba. Ila huyu si ng'ombe."

Aliitoa diski, akaiunganisha na kompyuta yake. Tulikaa mpaka duka la jirani likafungwa. Zikatoka picha za madume, nyingi, safi kabisa. Sauti haikutoka.

Siku ya kumbukumbu spika ilikuwa uani, nimeshaikodi. Dada mkubwa akauliza, "Haya tajiri wetu, mama yuko wapi?"

Nikasema mashine imekufa. Hakuna aliyecheka, na ningependa wangecheka. Dada akasema si neno, maneno ya mama anayo kichwani: alianza kumbariki yeye, akamalizia na mimi.

Mimi nakumbuka alianza na mimi. Nilikuwa nimeshika simu, uso wake ulikuwa kwangu. Nikasema hivyo. Kaka akatikisa kichwa, akasema sote wawili tunakosea, mama alianza na mdogo wetu, ambaye naye sasa ni marehemu.

Chai ikapoa. Spika ilibaki imesimama katikati yetu mpaka mwenyewe alipokuja kuichukua.