Radhi Tuliyoipitisha Mitaani

Nakumbuka siku ile redio yetu ilipozimwa, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyoona watu wazima wakinuna kama watoto walionyang'anywa mpira. Tulikuwa kwenye nyumba ndogo pale Katubuka, mlingoti nyuma ya choo, na mimi nilikuwa msomaji wa salamu na matangazo ya misiba. Baba yangu alikuwa mtumishi wa serikali aliyehamishiwa Kigoma kutoka Dodoma, kwa hiyo Kiha, lugha ya wenyeji, sikukijua, na wasikilizaji walinicheka kila nilipotamka majina ya vijiji vyao. Walinicheka kwa mapenzi. Redio haikufika mbali, Ujiji na vijiji vichache vya ufukweni, lakini kila mtu aliiita redio yetu.

Mtangazaji aliyependwa kuliko sote alikuwa Enock, kijana wa Kasulu. Akishasalimia kwa Kiha "Mwakeye" asubuhi, hata mgonjwa alitaka kuamka. Siku moja alisoma ujumbe wa msikilizaji ambaye hakutaja jina, akidai kwamba dagaa wa Mama Zaina, mchuuzi wa soko la Katonga, wamejaa mchanga. Enock hakumuuliza mtu. Akaongeza na utani wake, kwamba mafundi ujenzi wauziwe dagaa hao wapigie plasta. Mji ukacheka. Mama Zaina hakucheka, maana wateja wake waliokuwa wakija kwa treni kutoka Tabora walianza kupita mbele ya meza yake bila kusimama.

Akaenda kulalamika kwenye mamlaka inayosimamia utangazaji. Maofisa wakaja, wakataka rekodi ya kipindi kile, ambayo sheria ilitutaka tuitunze. Hatukuwa nayo. Wakatuamuru tuzime mitambo mpaka tumwombe radhi yule mama na kutimiza masharti ya leseni.

Sisi vijana tulikasirika kwelikweli. Tukasema tunaonewa kwa sababu ni wadogo, kwamba redio za Dar es Salaam zinasema makubwa kuliko hayo na hakuna anayezigusa. Fundi mitambo wetu akapendekeza tuwashe tena kimyakimya, tuone watafanya nini, na Enock ndiye aliyekuwa wa kwanza kumuunga mkono. Mwenye redio, Mzee Rajabu, alikuwa mtu wa Ujiji aliyefanya biashara ya vitenge miaka mingi kabla ya kuingiwa na mapenzi ya redio. Alitusikiliza mpaka tukaishiwa maneno. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Huyo mama ana mchanga kwenye dagaa wake, au hana?"

Hakuna aliyejua. Hakuna kati yetu aliyewahi kwenda kutazama.

Basi tukaenda Katonga, sote. Mama Zaina alikuwa mwanamke wa umbo kubwa na sauti nzito, na dagaa wake walikauka juu ya vichanja vya wavu, hawagusi ardhi hata kidogo. Mzee Rajabu akachota kidogo, akatafuna, akatupitishia na sisi. Mchanga hakuna. Walikuwa watamu, mwanangu, mpaka fundi mitambo akarudia kuchota. Enock akamwamkia yule mama shikamoo, akainama, akamwomba radhi kwa sauti ya chini, jinsi mtu anavyoongea akiwa na aibu.

Mama Zaina hakuacha kugeuza dagaa. "Ulinitukana mji mzima ukisikia," akasema. "Leo unaniomba radhi nisikie mimi na inzi?"

Enock akajitetea kwamba redio imezimwa, sasa atatangazaje.

"Iliyozimwa ni redio. Mdomo wako mbona unafanya kazi."

Mzee Rajabu alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. Siku iliyofuata aliazima kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, cha mpwa wake, tukafunga spika juu, na Mama Zaina akasema na yeye anapanda, maneno yasije yakapunguzwa njiani. Akakaa mbele na ndoo ya dagaa mapajani.

Tulianzia palepale sokoni. "Mimi ni Enock wa redio," akasema Enock. "Nilisema dagaa wa Mama Zaina wana mchanga. Sikuwa nimewaona. Nilisema uongo, na ninamwomba radhi." Mama Zaina akatoa kichwa dirishani akasema wa upande wa pili hawajasikia, arudie. Akarudia. Tulipofika Kasingirima kijana alishazoea, na watu walitoka majumbani kutuona sura, maana wengi walitujua kwa sauti tu. Mzee mmoja alisimamisha gari akaomba kutuma salamu kwa mkewe, na mkewe alikuwa amesimama ubavuni pake. Nikamsomea. Basi tukazingirwa, kila mtu ana salamu zake. Tukaingia Ujiji tukisoma salamu, huku Enock mwenyewe akipima dagaa kwa kikombe, na ndoo ikarudi tupu.

Tukatimiza na masharti ya leseni, mamlaka ikaturuhusu kurudi hewani. Sitakudanganya kwamba tulidumu. Masharti yaliongezeka, mitambo ikachakaa, Enock akaitwa na redio kubwa ya Mwanza, akaenda, na wasikilizaji wakahamia kwenye simu. Mwishowe Mzee Rajabu aliamua kufunga mwenyewe. Siku ya kushusha mlingoti Mama Zaina alitupikia wali na migebuka, samaki wa ziwa letu, tukala uani tukikumbushana vituko mpaka mbavu zikauma. Tulipofunga mlango, hapakuwa na mtu Kigoma nzima ambaye ilibidi tumkwepe njiani.

Ndiyo maana nakwambia haya, mwanangu, wewe ambaye simu yako inafika mbali kuliko redio yetu ilivyowahi kufika. Kabla hujasema la mtu, nenda ukatazame kwa macho yako. Ukikosea, usipoteze nguvu kugombana na aliyekukamata. Mtafute uliyemuumiza. Na radhi yako ifike kila mahali ambapo kosa lako lilifika. Utaona aibu mchana mmoja, kisha utalala vizuri maisha yako yote.

Mwenyezi Mungu akupe maneno yanayojenga, akuzungushie watu wa kukwambia ukweli, na akupitishe katika kila mtaa ukiwa umeinua uso.