Mtani Alivyonizolea Taka

Mjerumani alipoufunga msitu wa Uluguru, alitufunga na sisi wafinyanzi. Chungu bila moto ni udongo tu, na ukikamatwa na mzigo wa kuni, viboko. Na nyumbani tuna mwali! Mdogo wangu kakaa ndani miezi, na hatoki mpaka pombe ya ngoma ipikwe, na pombe haipikwi kwenye kiganja. Vyungu vyangu vimepangwa uani, vibichi. Nilikosa usingizi.

Kuni zilikuwapo mjini, ila ziliitwa taka. Wafungwa walizoa sokoni vifuu, magunzi na mavi makavu ya punda, wakaenda kuvichoma shimoni nje ya mji. Nikamwomba askari aliyewasimamia. Akakataa katakata: amri ya bomani, taka zote zichomwe. Mama naye, aliyenifundisha ufinyanzi, akaapa hanywi pombe ya chungu kilichochomwa kwa mavi ya punda.

Lakini yule askari alikuwa Mnyamwezi, mtani wetu. Mtani humkasirikii, ukikasirika umeshindwa, utachekwa mpaka kaburini. Unalipa utani kwa utani.

Nikamfuata sokoni. "Jamani, mwoneni mtani wangu! Zamani kwao walibeba pembe za ndovu, leo kapanda cheo, anachunga mavi!" Watu mbavu hawana. Kesho yake tena. Nilikuwa na mdomo, Mungu anisamehe.

Mwishowe akalipa. Alikuja na wafungwa wake, wakamwaga vikapu vyote mlangoni kwangu. "Taka kwa taka mwenzake, mtani!" Nikapiga yowe, nikagaagaa chini, uongo mtupu, hata majirani wakanihurumia. Alipogeuka tu nikaanza kupanga vyungu.

Moshi ulimrudisha mbio. "We mwanamke, unafanya nini?"

"Natii amri, bwana. Si taka zote zichomwe?"

Wafungwa wakaangua kicheko. Naye akacheka, angefanyaje?

Siku mwali anatoka, kapakwa mafuta anang'aa, mama alimtazama machozi yakamtiririka. Nami nililia kwa furaha. Kisha mama akachota pombe chunguni, kata nzima, akainywa yote bila kupumua. Akajifuta midomo, akamgeukia yule askari, ambaye alijialika mwenyewe na kukaa mbele kabisa.

"Mtani," akamwambia, "mjukuu wangu naye anakaribia kuvunja ungo. Anza kuzoa."